Mambo Yanayoathiri Uchaguzi wa Shahada ya Uhasibu miongoni mwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu nchini Tanzania: Mvuto wa Fani na Njia ya Kuifikia

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mambo yanayowafanya wanafunzi nchini Tanzania waingie katika shahada ya kwanza ya uhasibu. Utafiti wa suala hili kwa kawaida hutumia hojaji zinazomtaka mwanafunzi ataje sababu za uchaguzi wake, na majibu yanayotarajiwa ni fursa za ajira, kipato, hadhi ya taaluma na ushauri wa wazazi. Hoja ya msingi ya makala haya ni kwamba sababu hizo ni za kweli, lakini maana yake haikamiliki mpaka zisomwe sambamba na njia aliyopitia mwanafunzi hadi kuifikia fani: masomo yaliyofundishwa katika shule yake, tahasusi aliyopangiwa, vigezo vya udahili na upatikanaji wa mkopo. Makala yanaonesha kwamba jibu moja katika hojaji linaweza kuficha njia mbili tofauti, na kwamba tofauti hiyo ina uzito kwa mwanafunzi, kwa familia yake na kwa taaluma yenyewe.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii inadhihirisha kwamba wazo la kuweka kumbukumbu za mali si geni katika jamii ya Waswahili. Hata hivyo, kutambua umuhimu wa daftari ni jambo moja, na kijana kuamua kwamba kulitunza, kulikagua na kulitolea maelezo ndiyo itakayokuwa kazi ya maisha yake ni jambo jingine. Makala haya yanahusika na jambo hili la pili.

Swali la kwa nini wanafunzi huchagua uhasibu limewashughulisha wataalamu wa elimu ya biashara kwa miongo kadhaa. Nchini Marekani, Paolillo na Estes walichapisha mwaka 1982 utafiti uliolinganisha sababu za uchaguzi wa kazi miongoni mwa wahasibu, wanasheria, wahandisi na madaktari. Mwaka 1993, Cohen na Hanno walitumia nadharia ya saikolojia ya jamii kueleza uchaguzi wa uhasibu kama fani ya chuo kikuu. Nchini New Zealand, Tan na Laswad walifuata mkondo huohuo mwaka 2006. Tafiti za namna hii zimekuwa kielelezo kwa watafiti wa nchi nyingine, wakiwamo wa Afrika Mashariki, na mara nyingi hojaji huazimwa pamoja na nadharia iliyozizaa.

Kuazima huko si kosa. Hata hivyo, kila chombo cha kupimia hubeba ndani yake mazingira kilimoundwa. Katika mfumo wa Marekani, mwanafunzi kwa kawaida huingia chuo kikuu kwanza, husoma somo la utangulizi la uhasibu, kisha hutangaza fani yake. Amekwisha kuionja kazi kabla ya kuamua. Nchini Tanzania, mwombaji hudahiliwa moja kwa moja katika programu ya shahada, na siku anapofika chuoni uamuzi umekwisha kufanyika. Kumuuliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Tanzania kwa nini alichagua uhasibu ni kumtaka aeleze uamuzi ambao huenda ulifanyika kwa vipande, katika miaka tofauti, na wakati mwingine na watu wengine.

2.0 Misingi ya kinadharia

Nadharia inayotumika sana katika uwanja huu ni Nadharia ya Tabia Iliyopangwa, iliyofafanuliwa na Ajzen mwaka 1991 kutokana na kazi aliyoifanya awali pamoja na Fishbein. Kwa mujibu wa nadharia hii, kusudio la mtu kufanya jambo hutokana na nguzo tatu. Ya kwanza ni mtazamo wake kuhusu jambo hilo, yaani anaamini litamletea nini. Ya pili ni kaida za kijamii, yaani watu anaowathamini wanatarajia afanye nini. Ya tatu ni udhibiti anaouhisi, yaani anaamini kwa kiasi gani kwamba jambo hilo limo ndani ya uwezo wake. Cohen na Hanno walibaini kwamba nguzo zote tatu zina nafasi katika uchaguzi wa uhasibu, na kwamba wanafunzi waliochagua fani nyingine waliuona uhasibu kuwa unachosha na umejaa mno mambo ya namba.

Nadharia ya pili ni ile ya Lent, Brown na Hackett ya mwaka 1994, inayoeleza maendeleo ya kazi kwa kuunganisha utambuzi na jamii. Wataalamu hao walichukua kutoka kwa Bandura dhana ya imani ya mtu juu ya uwezo wake, wakaongeza jambo lenye umuhimu mkubwa kwa makala haya: mazingira hayaathiri mawazo ya mtu tu, bali pia huamua kama matamanio yake yatageuka kuwa uchaguzi. Pale mazingira yanapobana, mtu anaweza kuacha anachokipenda na kushika kinachopatikana.

Nadharia ya tatu ni ya kiuchumi. Becker, katika kazi yake ya mwaka 1964 kuhusu rasilimali watu, aliichukulia elimu kuwa uwekezaji unaotarajiwa kuzaa faida baadaye. Spence, mwaka 1973, aliongeza kwamba cheti ni ishara inayomwambia mwajiri jambo kuhusu mtu asiyemfahamu. Kwa mtazamo huu, uhasibu una sifa ya pekee: jina la shahada na jina la kazi ni moja. Mzazi anayemsomesha mtoto shahada ya uhasibu hahitaji kuelezwa mtoto atakuwa nani. Katika programu zenye majina mapana, maelezo hayo huwa marefu na yenye shaka.

3.0 Chimbuko la mvuto wa uhasibu nchini Tanzania

Imani kwamba uhasibu ni kazi ya uhakika haikuzuka yenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, benki na makampuni makubwa yalitaifishwa, na mashirika ya umma yakaongezeka. Kila shirika lilihitaji watu wa kutunza na kukagua hesabu. Mwaka 1972 ulikuwa wa pekee katika historia hii. Katika mwaka huo ilitungwa sheria iliyoanzisha Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), ilitungwa pia sheria ya kuanzisha Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), na Mzumbe ikapata sura mpya kama Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Kwa kizazi cha kwanza cha wahitimu, mahitaji ya taifa yalikuwa makubwa kuliko idadi yao.

Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1990 yalibadili mwajiri bila kuondoa mahitaji. Sheria ya mwaka 1991 ilifungua milango kwa benki binafsi. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kazi mwaka 1996, na Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara mwaka 1998. Mwaka 2004 Tanzania ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya utoaji wa taarifa za fedha. Kila moja ya hatua hizi iliongeza watu waliotakiwa na sheria kuwa na hesabu zinazosomeka, na kwa hiyo iliongeza kazi za wahasibu.

Mbali na ajira, uhasibu umepata sura mbele ya umma kupitia ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinazowasilishwa bungeni kila mwaka. Katika vipindi vya Ludovick Utouh na baadaye Profesa Mussa Assad, ripoti hizo zilijadiliwa katika magazeti, redio na vijiwe vya kahawa, na maneno kama "hati safi" na "hati yenye shaka" yakaingia katika mazungumzo ya kawaida. Kijana wa sekondari aliyesikia mijadala hiyo alikutana na taaluma inayowahoji wakubwa. Wakati huohuo alisikia habari za watunza fedha waliotuhumiwa kwa ubadhirifu. Sura ya mhasibu katika jamii, kwa hiyo, ina pande mbili: mtu anayeaminiwa na mtu anayeshukiwa, na katika pande zote mbili ni mtu aliye karibu na fedha.

Historia hii inaeleza kwa nini nguzo mbili za Ajzen, mtazamo na kaida za kijamii, huelekea upande mmoja nchini Tanzania. Wazazi waliokua wakati mhasibu wa shirika la umma alikuwa na nyumba na mshahara wa uhakika huwashauri watoto wao kwa kumbukumbu ya soko la ajira la zamani. Leo programu za uhasibu hutolewa na vyuo vikuu na taasisi nyingi, na wahitimu hushindana kwa nafasi chache. Ushauri wa mzazi hutolewa kwa nia njema, lakini umri wake ni sawa na umri wa kumbukumbu zake.

4.0 Njia ya kuifikia fani

4.1 Somo lililopatikana shuleni

Kwa muda mrefu, masomo ya Biashara na Utunzaji wa Vitabu vya Hesabu katika kidato cha kwanza hadi cha nne hayakuwa ya lazima. Yalifundishwa pale ambapo shule ilikuwa na walimu wake. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, uliwezesha shule za kata kujengwa kwa wingi, na watoto wengi ambao wasingepata nafasi wakaingia sekondari. Upatikanaji wa walimu wa masomo ya biashara haukwenda kwa kasi hiyo. Mwanafunzi aliyesoma katika shule isiyo na somo hilo hakulikataa, hakuwahi kulikuta.

Suala la hisabati linaambatana na hilo. Programu nyingi za uhasibu huangalia ufaulu wa hisabati wa kidato cha nne, somo ambalo kwa miaka mingi watahiniwa wengi wameshindwa kulifaulu. Hapa udhibiti anaouhisi mwanafunzi hukutana na udhibiti halisi: hata anayejiamini huzuiwa na cheti.

4.2 Tahasusi

Uamuzi mzito zaidi hufanyika wakati wa kuingia kidato cha tano. Tahasusi ya Uchumi, Biashara na Uhasibu, maarufu kwa jina la ECA, ndiyo iliyo karibu zaidi na shahada ya uhasibu. Wanafunzi wa EGM na HGE nao huweza kuingia katika programu mbalimbali za biashara kulingana na vigezo vya chuo. Upangaji wa wanafunzi katika shule za serikali husimamiwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, kwa kuzingatia ufaulu, machaguo ya mwanafunzi na nafasi zilizopo. Hivyo, mwanafunzi aliyependa ECA anaweza kujikuta HGE, na aliyependa masomo ya sayansi anaweza kujikuta ECA. Miaka miwili baadaye wote wawili huitwa watu wa biashara.

4.3 Udahili

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huweka sifa za chini za kujiunga na shahada ya kwanza, na kila chuo huongeza masharti ya programu zake. Hadi mwaka 2017 waombaji wengi walipitia mfumo wa pamoja wa udahili, ambapo mwombaji alipanga programu kadhaa kwa mfuatano wa upendeleo wake. Baadaye maombi yalianza kupelekwa moja kwa moja vyuoni. Katika mifumo yote miwili, programu anayoipata mwanafunzi si lazima iwe aliyoiweka mbele. Kwa anayedahiliwa katika chaguo la tatu, swali "kwa nini ulichagua uhasibu?" lina upungufu tangu mwanzo, kwa sababu jibu sahihi lingekuwa kwamba uhasibu ndio uliomchagua.

Ipo pia njia ya astashahada na stashahada, hasa kupitia taasisi kama Taasisi ya Uhasibu Tanzania na Chuo cha Uhasibu Arusha. Anayepitia njia hii huingia katika shahada akiwa amekwisha kusoma uhasibu kwa vitendo na nadharia. Kwa hiyo, yeye ndiye anayefanana zaidi na mwanafunzi wa Marekani aliyechunguzwa na Cohen na Hanno: ameonja, kisha akarudi kwa hiari.

4.4 Ugharamiaji

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, imekuwa ikitoa mikopo kwa kuzingatia uhitaji wa mwombaji. Miongozo yake ya vipindi mbalimbali pia imepanga programu katika makundi ya kipaumbele, na programu kama za sayansi za tiba, uhandisi na ualimu wa sayansi zimewekwa mbele ya programu za biashara. Hali hii huathiri uchaguzi kwa njia mbili zinazopingana. Mwanafunzi wa familia yenye uwezo mdogo anaweza kuuacha uhasibu kwa kuhofia kukosa mkopo. Mwenye mzazi anayeweza kulipa ada hubaki huru kuuchagua. Mtafiti anayehoji waliokwisha kuingia darasani hawezi kumwona aliyeachia njiani.

5.0 Jibu moja, njia mbili

Mfano wa kubuni unaweza kuonesha uzito wa hoja hii. Mwanafunzi wa kwanza ni mtoto wa mfanyabiashara wa duka la jumla. Tangu utotoni amemwona mzazi wake akihangaika na makadirio ya kodi, na baadaye na risiti za mashine za EFD. Amesoma Utunzaji wa Vitabu vya Hesabu, akaomba ECA, akaipata, na ameweka uhasibu kuwa chaguo lake la kwanza. Mwanafunzi wa pili amesoma katika shule isiyo na masomo ya biashara. Alitaka sheria, akapangiwa HGE, na programu iliyompokea ni ya uhasibu. Mjomba wake alimwambia kwamba mhasibu halali njaa, naye akakubali.

Wanapojaza hojaji, wote wawili huweka alama ya "nakubaliana kabisa" mbele ya sentensi inayosema kwamba walichagua uhasibu kwa sababu ya fursa za ajira. Hakuna anayedanganya. Hata hivyo, kwa wa kwanza jibu hilo ni sababu iliyotangulia uamuzi; kwa wa pili ni maelezo yaliyopatikana baada yake. Wastani unaopatikana kwa kuwajumlisha hauelezi hali ya yeyote kati yao.

Tofauti hiyo hujitokeza mapema. Mwanafunzi wa kwanza anapofundishwa mizania anaongeza nadharia juu ya jambo analolifahamu. Wa pili anajifunza kwa wakati mmoja dhana mpya, istilahi mpya na lugha ya Kiingereza inayozibeba, ilhali mhadhara unadhani kwamba amekwisha kukutana na leja. Akishindwa, matokeo yake yatahesabiwa kuwa dalili ya uvivu au upungufu wa akili, wakati chanzo ni njia iliyomfikisha.

6.0 Kinachofuata baada ya shahada

Uchaguzi wa uhasibu una gharama isiyoonekana siku ya udahili. Shahada pekee haimfanyi mhitimu kuwa mhasibu aliyeidhinishwa. Anatakiwa kufaulu mitihani ya NBAA, ingawa mwenye shahada hupewa msamaha wa baadhi ya masomo, na kupata uzoefu wa kazi unaotambuliwa ndipo asajiliwe kuwa CPA. Waajiri wengi, wa umma na wa binafsi, huitaja sifa hiyo katika matangazo ya nafasi za juu. Kwa hiyo, mwanafunzi aliyeingia kwa matarajio ya ajira ya haraka anaweza kugundua katika mwaka wa tatu kwamba aliyoiona kuwa mwisho wa safari ni kituo cha katikati.

Aidha, asili ya kazi yenyewe inabadilika. Mwaka 2000, Albrecht na Sack walionya nchini Marekani kwamba elimu ya uhasibu ilikuwa imebaki nyuma ya mahitaji ya biashara. Mwaka 2013, Frey na Osborne waliiweka kazi ya wahasibu na wakaguzi miongoni mwa kazi zilizo katika hatari kubwa ya kufanywa na kompyuta, kwa uwezekano wa asilimia 94. Makadirio hayo yamejadiliwa na kupingwa, na hayakulenga uchumi wa Tanzania. Hata hivyo, yanakumbusha kwamba kuingiza tarakimu si kiini cha taaluma. Kinachobaki kwa binadamu ni uamuzi, ufafanuzi na uadilifu, mambo ambayo mwanafunzi aliyeingia bila kuielewa kazi hana sababu ya kuyatarajia.

7.0 Mapendekezo kwa utafiti na ushauri wa taaluma

Kutokana na maelezo haya, utafiti wa uchaguzi wa uhasibu nchini Tanzania unapaswa kukusanya taarifa nne pamoja na sababu anazozitaja mwanafunzi: kama aliwahi kusoma masomo ya biashara kabla ya chuo, tahasusi aliyoiomba na aliyoipata, au njia ya stashahada kama ndiyo aliyopitia, nafasi ya uhasibu katika machaguo yake ya udahili, na chanzo cha ada yake. Uchambuzi uwatenganishe waliochagua na waliopokelewa kabla ya kulinganisha wastani. Inafaa pia wanafunzi wahojiwe zaidi ya mara moja, kabla ya udahili na baada ya mwaka wa kwanza, ili sababu za awali zitofautishwe na maelezo ya baadaye.

Kwa upande wa ushauri wa taaluma, mtaala ulioboreshwa kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, umeliweka somo la Elimu ya Biashara miongoni mwa masomo ya lazima ya elimu ya sekondari ya chini. Hatua hii inaweza kupunguza pengo lililoelezwa katika sehemu ya 4.1, iwapo walimu watapatikana hata katika shule za pembezoni. Pia inatoa fursa ya nadra kwa watafiti, kwa kuwa kizazi kilichosoma somo hilo kinaweza kulinganishwa na kilichotangulia.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba matarajio ya ajira, kipato, hadhi na ushauri wa familia huvuta wanafunzi kuelekea uhasibu, na kwamba mvuto huo una mizizi katika historia ya uchumi wa Tanzania tangu mwaka 1967. Yameonesha pia kwamba mvuto peke yake hauelezi nani anaingia darasani. Shule, tahasusi, udahili na mkopo huchuja wanafunzi kabla ya hojaji kuwafikia, na wengine huupata uhasibu bila kuutafuta. Kwa familia inayouza shamba au kukopa ili kulipa ada, tofauti kati ya kuchagua na kupokelewa ni miaka mitatu ya maisha ya kijana. Utafiti usiohoji njia hiyo utaendelea kuripoti kwamba wanafunzi wanaupenda uhasibu kwa sababu ya ajira, na hautaweza kueleza kwa nini baadhi yao hawafiki kwenye ajira hiyo.